Nirudipo Ujiji kwa siku tisa, nilale wapi?

BARUA

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 29, mzaliwa wa Ujiji, katika Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Naomba jina langu na la mtaa wetu yasitajwe, kwa sababu mtaa wenyewe ni mdogo na wanaonifahamu watanitambua mara moja. Kazi yangu ni kukusanya takwimu. Huajiriwa kwa mikataba mifupi, wiki tano Lindi, wiki sita Manyara, mwezi mmoja Songwe, nikipita kaya kwa kaya na kishikwambi mkononi. Kati ya mkataba mmoja na mwingine hupata siku saba, nane, mara chache kumi, na kwa miaka sita sasa siku hizo zote nimezipeleka kwa bibi yangu, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki nikiwa darasa la tatu.

Nikiwaambia wenzangu kazini kwamba natoka Ujiji, wengi hukumbuka somo la historia, yaani mwembe, Livingstone na Stanley, mwaka 1871. Mimi nikilisikia jina hilo nauona uchochoro wetu unaoteremka kuelekea mwaloni, nasikia injini za mitumbwi ya wavuvi ikirejea asubuhi, na nasikia wanawake wakiniita kwa jina langu la utotoni ambalo hakuna mtu mwingine duniani anayelitumia. Nilipochaguliwa kuendelea na kidato cha tano nje ya mkoa, wanawake wa uchochoro huo walichangishana nauli, ndoo na godoro, na mama mmoja alinishonea sare bila kupokea hata senti. Nikiwa nyumba za wageni za mikoani, usiku nikikosa usingizi, huwa naupitia uchochoro ule mlango kwa mlango hadi nilale.

Hata hivyo siwezi kukudanganya. Mtaa wetu ni mgumu. Gongo huuzwa nyumba ya nne kutoka kwetu, vijana hugombana usiku kwa sababu ya kamari, na kila nirudipo nakuta habari mpya ya mtu aliyeporwa au kujeruhiwa. Nimekua nayo hayo, na kwa miaka mingi niliamini kwamba hayanihusu, kwa kuwa mimi ni mtoto wa pale.

Julai 2024 nilikuwa nimemaliza kazi Lindi. Kama unavyojua, tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku, safari nyingi za mbali huishia saa ambazo watu wamelala, na basi langu liliingia Kigoma saa tisa na nusu usiku. Dereva wa bodaboda alinishusha kwenye lami na kuniambia kwamba ndani hataingia. Sikumlaumu, nililipa, nikaanza kuteremka. Hatua kama sitini kutoka kwenye lami, vijana wawili walitokea. Mmoja alinishika mkono, mwingine akalivua begi begani mwangu na kuichukua simu. Hawakunipiga. Aliyenishika alisema, "Dada, tulia, usipige kelele," kwa sauti ya chini kabisa, kisha wakaondoka wakitembea, hawakukimbia hata kidogo. Nilisimama pale hadi adhana ya alfajiri ilipoanza.

Nilikwenda kituo cha polisi, nikapewa RB. Kishikwambi cha kazi kilikuwa ndani ya begi, na walioniajiri walinikata shilingi laki nne na nusu katika malipo yangu. Lakini jambo lisiloniacha lilitokea siku ya tatu. Bibi alipofungua mlango ili atawadhe kwa sala ya alfajiri, alilikuta begi kibarazani. Nguo zangu zilikuwamo. Khanga nilizomnunulia zilikuwa zimekunjwa. Dawa zake za presha zilikuwa ndani ya bahasha yake, hazijaguswa. Pakiti ya korosho niliyotoka nayo Lindi ilikuwa imefunguliwa na kuliwa nusu, kisha mdomo wake ukafungwa fundo ili zilizobaki zisipigwe na hewa. Kishikwambi na simu havikuwamo. Bibi alilitazama fundo lile kwa muda, akasema, "Waliorudisha wametusitiri," akaingia ndani kuswali. Tangu siku hiyo hajalizungumzia tena, na mimi sijathubutu kumwuliza. Ninachojua ni kwamba aliyeliweka pale anaijua nyumba yetu, na nina hakika kwamba Bibi anamjua.

Mchumba wangu ni mtumishi, anaishi Dodoma, na barua ya posa ilikwishapokelewa. Ni mtu mwema. Hajawahi kufika Ujiji. Tangu nilipomsimulia mkasa ule amesema kwamba mke wake hatalala pale tena. Anataka nikienda Kigoma nilale gesti mjini, karibu na stesheni, niende kwa Bibi mchana na kurudi kabla ya magharibi, na yuko tayari kunilipia. Tukishaoana angependa Bibi ahamie kwetu Dodoma. Bibi ameshasema kwamba hahami, kwa sababu kaburi la babu liko pale na wateja wake wa mawese wako pale. Ninaye pia mama mdogo anayekaa Mwanga, ila nyumba yake ina watu wengi.

Mwezi ujao nina siku tisa kabla ya kwenda Manyara. Nikilala gesti wakati bibi yangu ana kitanda nilichozaliwa juu yake, mtaa mzima utajua ndani ya siku moja na Bibi ataona aibu. Nikilala kwake, nitaanza maisha ya ndoa kwa kumdanganya mchumba wangu au kwa kumpinga. Na nikisema ukweli wote, mama, mimi mwenyewe naogopa. Mara ya mwisho nilikaa siku tano badala ya nane, na kila jioni nilikuwa nikihesabu nyayo zinazopita dirishani. Sijui kama naogopa vijana wale, au naogopa kugundua kwamba pale si kwetu tena. Naomba unisaidie kufikiri.

Ni mimi, Msafiri wa Ujiji.


JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mkasa uliokupata, na pole zaidi kwa kuubeba peke yako muda wote huu, maana ni dhahiri kwamba wale uliowasimulia walisikia habari ya wizi, lakini hujapata mtu wa kumsimulia habari ya fundo.

Nikikuelewa vizuri, una siku tisa na sehemu tatu za kulala, yaani kwa Bibi, gesti na kwa mama mdogo, na kila moja ina mtu atakayeumia. Hilo ni swali la malazi. Chini yake umeweka swali jingine katika sentensi yako ya mwisho, kwamba je, bado ni mtu wa pale? Naona maswali haya mawili yamefungwa pamoja kwa namna inayokutesa, kwa sababu umeufanya usiku mmoja wa kulala gesti uwe jibu la swali la pili. Naomba tuyafungue, tuyatazame moja moja, na ninapokosea kuhusu nyumbani kwako, wewe ndiye mwenye kunisahihisha.

Nianze na lile ulilosema uliamini kwa miaka mingi, kwamba mabaya ya mtaa hayakuhusu kwa kuwa wewe ni mtoto wa pale. Nadhani imani hiyo ilikuwa kweli wakati fulani. Lakini tuhesabu. Uliondoka kwenda kidato cha tano ukiwa na miaka kama kumi na minane. Leo una miaka 29. Kijana wa miaka 17 anayekaa kwenye kona ya uchochoro wenu leo alikuwa na miaka sita ulipopanda basi na ndoo yako na godoro. Hakuchangia nauli yako, hakukuona ukichota maji, na kwake wewe ni dada mwenye begi zuri anayeonekana mara mbili au tatu kwa mwaka na kutoweka. Hata mwenyekiti wa serikali ya mtaa huenda si yule unayemkumbuka, kwa sababu uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 2024, baada ya mkasa wako. Mtaa uliokupeleka shule upo bado, na umo ndani ya wanawake wale wanaokuita kwa jina lako la utotoni. Ila umekaa nyumba moja na mtaa mwingine uliozaliwa ukiwa safarini, ambao hamjatambulishana. Sisemi haya ili ujione mgeni. Nasema kwa sababu naona umelichukulia tukio lile kama ukoo uliokukana, wakati huenda walikuwa watoto ambao kwa kweli hawakujua wamemshika nani, hadi walipofika mahali penye mwanga, wakafungua begi, na mmoja wao akasoma jina la Bibi kwenye bahasha ya dawa.

Hiyo nayo ni dhana yangu tu, na hapa nataka twende polepole. Umeandika kwamba una hakika Bibi anamjua aliyerudisha begi. Hakika hiyo umeipata wapi? Umeipata kwenye kimya chake na kwenye jinsi alivyolitazama fundo. Inawezekana anamjua. Inawezekana pia kwamba anashuku nyumba fulani bila kumjua mtu, na mzee aliyeishi na majirani kwa miaka mingi huona ni salama zaidi kutolitamka analolishuku. Inawezekana kwamba aliyerudisha begi si mwizi, bali ni mama wa mwizi, au mdogo wake, aliyelikuta uvunguni na kulileta gizani kwa aibu. Fundo la pakiti ya korosho linaweza kuwa la mtoto aliyefundishwa nyumbani kutunza chakula, na mtoto huyo anaweza kuwa hakuwapo kabisa usiku ule. Umeishi na maana moja tu ya kitu ambacho kina maana tatu au nne, na maana uliyoichagua ndiyo inayokuumiza kuliko zote.

Je, umwulize Bibi? Ukiuliza, unaweza kupata nafuu, na yeye pia anaweza kupata nafuu, maana kimya cha muda huu wote huenda kinamchosha. Lakini fikiri utafanya nini na jina ukilipata. Wewe na mimi tumesoma mara nyingi habari za kijana aliyeuawa na wale wanaoitwa "wananchi wenye hasira kali" baada ya mtu mmoja kutamka jina mahali pasipostahili. Jina likishatoka mdomoni mwako mbele ya jirani mwenye uchungu wake mwenyewe wa kuibiwa, hulimiliki tena. Upande wa pili, kimya nacho kina gharama yake, kwa kuwa kijana asiyeulizwa na mtu yeyote anaweza kumshika mkono binti mwingine kesho, na huyo asipate bahati ya kutoguswa. Kati ya hayo mawili ipo njia ya kuzungumza na Bibi bila kudai jina. Unaweza kumwambia, "Bibi, siombi kujua ni nani, naomba kujua kama wewe unalala kwa amani." Nina hamu ya kujua atakujibu nini. Na ikitokea akalitaja jina bila kuulizwa, mnayo RB na yupo polisi kata. Mahali pa kulipeleka jina hilo ni hapo, wala si kibarazani.

Swali hilo la amani ya Bibi nimelileta makusudi. Barua yako inazungumza sana juu ya usiku wako tisa, na ni haki yako, kwa maana ni wewe uliyeshikwa. Lakini Bibi analala pale usiku wote wa mwaka, na sikuona mahali ulipoeleza hali ya mlango wake. Kitasa kikoje? Ipo taa inayomulika kibaraza? Nani anamchungulia asubuhi asipoonekana? Mchumba wako yuko tayari kulipa gesti siku tisa. Sijui bei za huko kwenu, lakini nadhani gharama ya siku chache kati ya hizo ingetosha kununua komeo zuri na taa ya sola ya ukutani, na vitu hivyo vingebaki ukiwa Manyara. Ukiyaweka mazungumzo hapo, yeye na wewe mnaweza kujikuta mko upande mmoja, mkimlinda mtu mmoja, badala ya kuvutana juu ya kitanda.

Kuhusu mchumba, naona amesema maneno mawili tofauti kwa pumzi moja, na ni vyema uyatenganishe. La kwanza ni hofu: mtu anayempenda ameshikwa gizani na yeye yuko mbali, asiweze kufanya lolote. Hofu hiyo ni ya kweli, na ukiijibu kwa kusema "huwajui watu wetu" utakuwa umemfungia mlango mtu anayebisha kwa upendo. La pili ni amri, kwamba mke wake hatalala pale. Amri kuhusu mahali alipozeeka mtu aliyekulea si jambo dogo, na ni afadhali mlizungumze sasa, mkiwa bado wachumba, kuliko kuligundua baada ya harusi kwamba kila mmoja alilielewa kwa namna yake. Hajawahi kufika Ujiji. Anaijua kwa mkasa mmoja uliomsimulia kwa sauti inayotetemeka. Je, itakuwaje akija nawe siku mbili, aingie mchana, amsalimie Bibi, ale migebuka ya kuchoma, aone wanawake wanavyokupokea? Sikuahidi kwamba atabadili mawazo. Anaweza kuona nyumba ya gongo, akasikia matusi ya jioni, akarudi Dodoma na hofu kubwa kuliko aliyokuja nayo. Lakini itakuwa hofu ya mahali alipopaona, na mtaweza kuizungumza kwa vitu vyenye majina.

Kuna jambo jingine ambalo wewe, mtoto wa mwaloni, unalijua kuliko mimi, lakini sikuliona kwenye barua. Ulishikwa Julai 2024. Mwaka ule uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, ili samaki wapate kuzaliana. Lengo lilikuwa jema. Lakini kwa mtaa kama wenu maana yake ilikuwa miezi mitatu ambayo kijana aliyezoea kuingia majini usiku na kurudi asubuhi na dagaa alishinda nchi kavu, bila fedha, usiku akiwa macho kwa mazoea. Hata katika miezi ya kawaida, mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, na mitumbwi hupumzika ufukweni. Sisemi kwamba njaa ilikuwa na haki ya kukuvua begi. Nasema kwamba hatari ya mtaa wenu ina majira yake, ina saa zake na ina sehemu zake, na anayekuja kwa siku tisa huikuta bila kujua ameingia katika majira gani. Bibi anajua. Mama wa maandazi anajua. Kabla ya kukata tiketi unaweza kupiga simu na kuuliza hali ikoje mwezi huu, kama mvuvi anavyouliza upepo.

Tukirudi kwenye malazi, sitakuchagulia, lakini nakuomba uitazame kila njia pamoja na kile kinachoifuata.

Kulala kwa Bibi kunakupa kile ulichokifuata: mazungumzo ya usiku, chai ya alfajiri, harufu ya nyumba. Ukilichagua hilo, naona kwamba sehemu kubwa ya hatari uliyoieleza ilikuwa kwenye hatua sitini kati ya lami na mlango, saa tisa na nusu usiku, ukiwa na mali ya watu begani. Hizo zinaweza kupunguzwa. Unaweza kukatiza safari Tabora, ulale kwa utulivu, uondoke asubuhi na kuingia Kigoma jua likiwa bado liko juu. Unaweza kuomba kishikwambi kikabidhiwe ofisini mkataba unapoisha, au ukiache kwa mama mdogo Mwanga kabla hujateremka Ujiji. Namba ya utambulisho wa simu, ile inayotokea ukibonyeza *#06#, iandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Hata hivyo, hakuna lolote kati ya haya litakalozizima nyayo unazozihesabu dirishani. Mwili ulioshikwa gizani hukumbuka kwa muda mrefu, na kufupisha safari kutoka siku nane hadi tano si udhaifu. Ikiwa usingizi haurudi hata ukiwa Lindi au Songwe, tafadhali mwone mtaalamu wa ushauri nasaha katika hospitali iliyo karibu nawe. Usingoje hadi ufike Ujiji ndipo ujue kama umepona.

Gesti itakupa usingizi pengine, na itamtuliza mchumba. Aibu unayoihofia ni ya kweli, ila sijui kama ni kubwa kama unavyoipima. Watu watasema siku mbili. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba utakuwa unakuja kwa Bibi kwa saa, ukiitazama saa, na jua likianza kushuka upande wa Kongo utaanza kutafuta bajaji wakati yeye ndiyo kwanza anaweka sufuria la ugali. Huenda ukaliweza hilo kwa safari hii moja tu, na ukamweleza Bibi kwa mdomo wako mwenyewe kabla hajasikia kwa jirani. Nyumba ya mama mdogo, pamoja na wingi wa watu wake, inakuondolea neno la gesti, kwa sababu hakuna anayeshangaa binti akilala kwa mdogo wa mama yake. Umeitaja kwa mstari mmoja na kuiacha. Je, ni msongamano tu, au kuna jambo jingine kati yenu? Ukigawa siku, nne Mwanga na tano Ujiji, au usiku wa kwanza Mwanga hadi utakapoisoma hali, je, nani angeudhika?

Kutokwenda kabisa hadi baada ya ndoa hukukuandika, lakini nimekuhisi ukikukaribia. Bibi anameza dawa za presha. Sitasema zaidi ya hapo.

Na kuhusu kumhamishia Dodoma, amekwisha kujibu, na amekupa sababu mbili zilizo wazi. Mzee anayesema kaburi la mumewe liko hapa na wateja wake wako hapa anakueleza mahali maisha yake yalipo. Mnaweza kumwalika kwa mwezi mmoja bila kumtaka ahame, na mwezi huo ukimfurahisha, maneno mengine yatatoka kwake.

Nimalizie na lile swali la pili, la kama pale bado ni kwenu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe huja siku nane au tisa, na nikisoma barua yako naona siku hizo zote unapokewa, unapikiwa, unaitwa jina la utotoni, kisha unaondoka. Ni matamu, na umeyastahili kwa uchovu wa barabarani. Ila najiuliza itakuwaje safari hii siku ya tatu ukilishika jembe. Aliyekushonea sare bado ana cherehani? Yupo binti wa uchochoro ule aliyechaguliwa mwaka huu kwenda mbali, ambaye nauli yake haijatimia? Unajua kuingia katika kaya usiyoijua, kukaa, kuuliza kwa heshima na kusikiliza. Ni kazi yako ya kila siku Lindi na Manyara. Nyumba zilizojengwa uchochoroni mwenu tangu uondoke, umewahi kuzipitia hata kwa salamu tu, ukiongozana na Bibi, mchana, ili wale vijana wa kona wajue kwamba dada mwenye begi ni mjukuu wa nani? Huenda wakakuitikia, huenda wakakutazama tu. Naelewa pia kwamba mmoja wa watakaokuitikia anaweza kuwa na sauti ile ya chini uliyoisikia Julai, na ikiwa moyo wako hauko tayari kwa hilo, una haki ya kukaa kibarazani na Bibi siku zote tisa mkipepeta mchele, na hakuna atakayekuhesabia kosa.

Ukishaamua, niandikie ulichoamua na sababu zake, hata kama ni tofauti na yote niliyoyafikiri hapa. Na ufikapo, kwa saa yoyote na kwa njia yoyote utakayoichagua, mfikishie Bibi shikamoo yangu.